Wachambue, wasichambane

Jumamosi moja nilikwenda kutazama mechi ya ligi kwenye kibanda umiza kilicho nyuma ya soko, Mbagala. Kipindi cha kwanza kilipomalizika, studio ikafunguka kwenye skrini: watu watatu wamekaa nyuma ya meza inayong'aa, nembo za wadhamini zikizunguka juu ya vichwa vyao. Mwenye kibanda akachukua rimoti, akazima sauti, akawasha Bongo Fleva kwenye spika yake. Hakuna aliyelalamika. Vijana wengine wakatoka kununua mihogo, wengine wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe.

Nilimwomba arudishe sauti, naye akakubali. Kwa dakika kama nane tukawasikiliza wale watatu. Wa kwanza alisema timu ya nyumbani imeshindwa kutumia nafasi. Wa pili alisema wageni wamecheza kwa nidhamu. Wa tatu alisema mpira una matokeo matatu, kwa hiyo tusubiri kipindi cha pili. Mzee mmoja wa benchi la mbele, amevaa baraghashia, akanigeukia na kuniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hawa wamesema nini ambacho sisi hatukukiona?"

Nilikosa jibu. Swali lake limekaa nami tangu siku hiyo, kwa sababu ndilo kipimo cha kazi nzima ya uchambuzi wa televisheni, uwe wa soka au wa siasa. Mtu aliyepewa kiti, taa na kipaza sauti anatudai masikio yetu. Sisi nasi tunamdai atuonyeshe kile ambacho macho yetu yamekipita. Asipolipa deni hilo, mwenye kibanda ana haki ya kuzima sauti.

Zama za redio deni hilo lilikuwa wazi kwa kila mtu. Tarehe 22 Januari 1927, BBC ilipotangaza mechi ya soka moja kwa moja kwa mara ya kwanza, Arsenal dhidi ya Sheffield United katika uwanja wa Highbury, London, wasikilizaji walichapishiwa mchoro wa uwanja katika jarida la Radio Times. Uwanja uligawanywa katika miraba yenye namba. Mtangazaji Teddy Wakelam alisimulia mchezo, na mwenzake akawa anataja namba ya mraba ulipofika mpira. Mtu aliyekaa sebuleni kwake aliweza kuufuata mpira kwa kidole. Tangu siku ya kwanza, kazi ya kutangaza mpira ilikuwa kumwazima macho mtu asiyeona.

Watangazaji wetu waliifanya kazi hiyo bila mchoro. Lugha yenyewe ndiyo iliyochora. Wakenya walimjua Leonard Mambo Mbotela kwa kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana?, na walimjua vilevile kwa sauti yake iliyokimbia sambamba na mpira. Hapa Tanzania, sauti ya Charles Hilary ilipita Radio Tanzania, Radio One, Deutsche Welle na BBC kabla ya kurudi nyumbani na kusikika Azam. Wote wawili walitutoka mwaka 2025, Mbotela mwezi Februari na Hilary mwezi Mei. Siku zile za misiba nilisikia watu wazima wakikumbushana mechi walizozitazama kwa masikio.

Nami ni mmoja wa watu hao. Kijijini kwetu, Maswa, tulikuwa na redio moja ya mbao, mali ya mjomba, ambayo betri zake tulizianika juani zipate nguvu ya kufika dakika ya tisini. Mpira ukikaribia eneo la hatari, mjomba alisimama, nasi watoto tukasimama naye. Mtangazaji akisema winga wa kulia amempita beki, kwetu alikuwa amempita. Angeweza kutudanganya na tusijue kwa wiki nzima, maana magazeti yalitufikia yamechakaa. Hakutudanganya, na ndiyo maana jina lake lilitajwa nyumbani kwa heshima kama la ndugu aliye mbali.

Picha ilipokuja, hesabu ikabadilika. Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Azam TV ilianza Desemba 2013, na mwaka 2021 Azam Media ikasaini na Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, mkataba wa miaka kumi wa haki za kurusha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Leo mtu wa Maswa mwenye king'amuzi anaona mechi inayochezwa Mbeya ikiwa inachezwa, kisha anarudishiwa goli kwa pembe tatu, taratibu, mpaka ameona kiatu kilivyoukata mpira.

Mwenye macho haazimwi macho. Ndipo ikazaliwa kazi nyingine, ya kueleza kile ambacho kila mtu amekwishakiona. Wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 1970 kule Mexico, kituo cha ITV cha Uingereza kiliwakalisha studio Malcolm Allison, Derek Dougan, Pat Crerand na Bob McNab, kikawaachia wabishane. Watazamaji walilipenda jopo lile, na mtindo wake ukaenea dunia nzima hadi kutufikia. Jopo lile lilikuwa na vitu viwili ndani yake. Kimoja ni ujuzi, kwa sababu wale walikuwa watu waliocheza na kufundisha mpira. Kingine ni ubishi. Vyote viwili vilisafiri, lakini ubishi hauhitaji maandalizi, kwa hiyo ndio uliowahi kufika na ndio ulioota mizizi.

Kiswahili kilikuwa na jina tayari kwa ajili ya mfanyakazi huyu mpya: mchambuzi. Neno hili limetoka jikoni na shambani. Mama huchambua mchicha, majani huku, mashina kule. Huchambua mchele akitafuta mawe na chuya. Kwetu Usukumani ni neno la pamba kabla ya kuwa la kitu kingine chochote. Baada ya mavuno, bibi yangu alitandika mkeka uani, akamwaga pamba, akaanza kuichambua kwa mkono. Pamba safi, nyeupe, aliiweka kushoto kwake. Pamba fifi, ile iliyoguswa na wadudu, mvua au vumbi, aliiweka kulia. Bei za aina hizo mbili hazikuwa sawa, kwa hiyo kila konzi ilipita mbele ya macho yake. Baadaye pamba ilikwenda kiwandani, nako ikachambuliwa upya: nyuzi zikatengwa na mbegu, nyuzi ziende kuwa nguo, mbegu zikamuliwe mafuta. Mara zote mbili kazi ilikuwa ileile, kutenganisha vitu vilivyokuja vimeshikana.

Mechi ya dakika 90 nayo huja imeshikana kama pamba kwenye gunia. Ndani yake kuna ufundi, bahati, uchovu wa safari, kosa la mwamuzi, mpango wa kocha na upepo wa siku ile. Matokeo huvifunga vyote kwa kamba moja. Mchambuzi anaitwa aikate ile kamba, atuambie hiki kilitokana na nini, na kile kingetokea hata kama mpira ungegonga mwamba.

Mtaani tuna neno lingine linalofanana na hilo kwa sauti: kuchambana. Ni kurushiana maneno ya kuumiza, kumtolea mtu michambo mbele ya watu mpaka akose pa kuficha uso. Nikitazama studio zetu za michezo na meza zetu za siasa, naona neno hili la pili limekalia kiti cha lile la kwanza. Sisemi hivyo juu ya kila mtu. Wapo wachambuzi wetu wanaokuja na daftari na wanaojua wanachokisema, na nawaheshimu. Lakini wao ndio wanaokatizwa maneno zaidi, na vipande vyao ndivyo visivyosambazwa.

Dalili ya kwanza ya ugonjwa huu ni kuhukumu kwa matokeo peke yake. Msimu wa 2018/19 Simba ilicheza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Ilifungwa 5-0 na AS Vita kule Kinshasa, 5-0 na Al Ahly kule Misri, na 2-0 na JS Saoura kule Algeria. Nyumbani iliifunga Saoura 3-0, Al Ahly 1-0 na Vita 2-1, ikaingia robo fainali. Nakumbuka lugha ya wiki za vipigo: wachezaji hawajitumi, timu haina hadhi ya Afrika. Nakumbuka na lugha ya wiki za ushindi: mashujaa, jeshi, taifa limesimama. Wachezaji walikuwa walewale.

Sasa ziweke mechi zote sita pamoja kwenye mkeka. Nyumbani Simba ilifunga magoli sita, ikafungwa moja. Ugenini haikufunga hata moja, ikafungwa kumi na mawili. Hesabu hii inafanywa kwa vidole, na papo hapo inazaa maswali yenye maana. Timu hii husafiri vipi na hupumzika siku ngapi? Ikiwa ugenini hubadilisha mfumo au hubadilisha moyo? Kiungo mkabaji huachwa peke yake kuanzia dakika ya ngapi? Joto la Dar es Salaam linawafanya nini wageni? Yeyote aliyeuliza hivyo baada ya kipigo cha kwanza alikuwa akichambua. Aliyesema wachezaji hawajitumi alikuwa akitoa hasira, na hasira kila mmoja wetu alikuwa nayo ya kutosha nyumbani kwake.

Miaka minne baadaye Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Tarehe 28 Mei 2023 ilifungwa 2-1 na USM Alger katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, kisha tarehe 3 Juni ikashinda 1-0 kulekule Algiers. Jumla ikawa 2-2, na kombe likabaki Algeria kwa kanuni ya magoli ya ugenini. Timu mbili zililingana kwa magoli, moja ikaitwa bingwa na nyingine ikaitwa iliyoshindwa. Mtu anayesoma matokeo tu atakuandikia orodha ndefu ya makosa ya Yanga. Anayechambua atakuonyesha kwamba timu ya Tanzania ilikwenda Afrika Kaskazini, kwenye fainali, ikashinda bila kuruhusu goli, na kwamba kilichoipokonya kombe ni lile goli la pili la wageni Dar es Salaam. Somo la pili lina faida kwa kocha kijana anayetazama akiwa Songea. Somo la kwanza linamfundisha kulaumu.

Dalili ya pili ni kugeuza kila swali kuwa la pande mbili. Tarehe 8 Machi 2025 mechi ya watani, Simba na Yanga, ilikuwa ichezwe. Simba ilitangaza kwamba haitacheza, baada ya kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi. Bodi ya Ligi ikaahirisha pambano, na halikuchezwa hadi tarehe 25 Juni, Yanga iliposhinda 2-0. Kwa zaidi ya miezi mitatu nchi nzima ilikuwa na maswali halali. Kanuni inampa mgeni haki gani ya mazoezi? Nani mwenye mamlaka ya kuahirisha? Adhabu ya kutofika uwanjani ni ipi, na je, inamhusu aliyezuiwa? Maswali haya yana majibu kwenye kitabu cha kanuni, na pale penye utata utata wenyewe ungeweza kuonyeshwa neno kwa neno kwenye skrini. Nilitazama mijadala mingi siku zile. Mara nyingi mno niliweza kujua mtu atasema nini kwa kujua anapenda jezi ya rangi gani, kabla hajafungua mdomo.

Siasa ndiyo mahali ambapo tabia hii hugharimu zaidi. Wamarekani waliipitia mapema. CNN ilikuwa na kipindi kiitwacho Crossfire, kilichoanza mwaka 1982, mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia, usiku baada ya usiku. Oktoba 2004 mchekeshaji Jon Stewart alialikwa mle, akaacha utani, akawaambia wenyeji wake ana kwa ana kwamba wanaiumiza nchi yao. Januari iliyofuata kituo kilitangaza kukiondoa kipindi. Nalitaja tukio hilo kwa sababu siku hizi naona meza ileile ikijengwa kwetu, na inauzwa kama kitu kipya. Mmoja wa chama tawala, mmoja wa upinzani, mwendesha kipindi akichochea kuni katikati. Wakimaliza, mkulima aliyetaka kujua bajeti imeigusa vipi bei ya mbolea yake anaondoka kama alivyokuja.

Kenya ina mfano unaonifundisha pande zote mbili. Kabla ya uchaguzi wa mwaka 2013, mchambuzi Mutahi Ngunyi alitangaza kwamba Uhuru Kenyatta alikuwa ameshashinda siku daftari la wapiga kura lilipofungwa, kwa sababu idadi ya walioandikishwa katika ngome zake na za mgombea mwenza wake ilitosha. Uhuru alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07. Ngunyi alitoa dai linalopimika na akaonyesha hesabu yake hadharani, na hilo ndilo nitakalo kwa kila mchambuzi. Lakini hesabu ile ilimfundisha mpiga kura kwamba yeye ni namba ya kabila lake, kwamba ameshapiga kura kabla ya kupiga kura. Mchambuzi anaweza kupatia jibu na bado akaacha jeraha. Ndiyo sababu kazi hii inahitaji mtu mwenye dhamiri kuliko mtu mwenye sauti nzito.

Na kupatia kwenyewe ni nadra kuliko tunavyodhani. Mwanazuoni Philip Tetlock alikusanya utabiri wa wataalamu 284 wa siasa na uchumi kwa takriban miaka ishirini, zaidi ya utabiri 80,000, kisha akasubiri aone yupi atatimia. Alichapisha matokeo mwaka 2005. Kwa wastani wataalamu wale hawakuipita bahati nasibu kwa umbali wa kujivunia. La kutisha zaidi, waliotafutwa sana na vyombo vya habari walielekea kukosea zaidi ya wenzao. Tetlock aliwafananisha na kalunguyeye, mnyama mwenye mbinu moja tu ya kujikunja. Mtu mwenye wazo moja kubwa huzungumza bila kusita, na kamera humpenda asiyesita. Mwenye kupima huku na huku husema "lakini" na "inategemea", na mwendesha kipindi hutazama saa.

Najua jibu nitakalopewa na wenye vituo. Watasema televisheni ni biashara, mashabiki wanataka utamu, na ukileta mtu wa mahesabu watu watahamia kituo kingine. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi na naichukulia kwa uzito, kwa kuwa mishahara ya watu imo ndani yake. Lakini tazama Uingereza kwenyewe, jopo la ubishi lilikozaliwa. Gary Neville alijiunga na Sky mwaka 2011, na Jamie Carragher akamfuata mwaka 2013. Mmoja ni mtu wa Manchester United, mwingine wa Liverpool, klabu zinazochukiana kama mahasimu wowote unaowajua. Nchi nzima inajua rangi zao, hakuna kilichofichwa. Walichofanya Jumatatu usiku ni kusimamisha picha, kuichora mistari, kumwonyesha mtazamaji kwamba beki wa kushoto alikuwa hatua mbili nyuma ya wenzake na ndiyo maana mshambuliaji hakuwa ameotea. Wanabishana, tena kwa ukali, lakini wanabishana juu ya picha iliyo mbele yetu sote. Kipindi chao kimependwa kwa miaka mingi. Utamu na ujuzi vimekaa meza moja.

Kwa hiyo nina mambo manne ninayoyaomba, na yote yanawezekana kesho asubuhi.

La kwanza, kituo kiweke daftari la utabiri. Kila mchambuzi anapotabiri, iandikwe tarehe na maneno yake, na mwisho wa msimu au baada ya uchaguzi yasomwe hadharani. Ahadi ni deni, na utabiri wa kwenye skrini ni ahadi. Agosti 1995, Alan Hansen wa BBC aliitazama Manchester United ikifungwa 3-1 na Aston Villa, akasema huwezi kushinda chochote kwa watoto. Watoto wale walimaliza msimu wakiwa na ubingwa wa ligi na Kombe la FA. Sentensi ile ilimfuata Hansen maisha yake yote ya kazi, naye hakuikana, na heshima yake ilibaki. Kukosea hakumfukuzi mtu kwenye kiti. Kukosea kila wiki huku hakuna anayekumbuka, hiyo ndiyo inayoharibu kazi.

La pili, maslahi yatajwe. Tumeona watu wakitoka kwenye kiti cha uchambuzi kwenda kuwa wasemaji wa klabu, na wengine wakirudi. Hakuna dhambi katika kubadilisha ajira. Lakini mtazamaji anastahili kujua anayemsikiliza alilipwa na nani mwaka jana, ana mkataba gani wa tangazo, ni rafiki au wakala wa mchezaji anayemsifia. Maneno machache chini ya jina lake yanatosha. Vivyo hivyo kwenye siasa: anayeitwa mtaalamu huru aseme kama aliwahi kugombea, na kwa tiketi ya nani.

La tatu, meza ipanuliwe. Mwamuzi mstaafu akae pale siku yenye penalti ya utata, afungue kitabu cha sheria. Kocha wa makipa aeleze kwa nini kipa alichelewa. Na wanawake wakae pale kama wajuzi wa mpira. Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, imecheza fainali za Afrika mwaka 2010, na tena fainali za 2024 zilizofanyika Morocco mwaka 2025. Simba Queens ilimaliza ya nne katika Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake mwaka 2022. Wachezaji hao wamekabwa, wamepiga kona, wamesafiri kwa basi usiku kucha na kucheza mchana wake. Wanajua mguu unavyohisi dakika ya themanini. Mara nyingi tunawakaribisha kusoma ujumbe wa watazamaji na kutabasamu, kisha tunamgeukia mwanamume aliyekaa kando atueleze mchezo.

La nne ni letu sisi watazamaji. Kipande cha mtu akichambwa tunakisambaza kabla hakijaisha. Kipande cha dakika tatu cha mtu akieleza kwa nini mabeki wa pembeni walipanda pamoja tunakiruka. Kila tunapobonyeza tunampigia kura mtu abaki kwenye kiti. Nimeanza na simu yangu mwenyewe: kabla ya kumtumia mtu kipande, najiuliza swali la yule mzee. Mara nyingi najikuta nimeacha kutuma.

Kuna jambo moja kuhusu bibi yangu na pamba yake ambalo bado sijalisema. Kushoto kwake kulikuwa na pamba safi, kulia pamba fifi. Mbele ya magoti yake palikuwa na fungu la tatu, dogo. Humo aliweka pamba ambayo hakuweza kuihukumu jioni ile, kwa sababu mwanga ulikuwa umepungua au uchafu ulikuwa mdogo mno kuonekana vizuri. Sisi watoto tulitaka amalize tukale, tukamhimiza aitupe upande wowote. Alikataa. Fungu lile alilifunika kwa kanga, na asubuhi jua likishapanda alilitoa uani akalitazama upya. Mnunuzi wa pamba alimjua kwa hilo. Gunia la bibi halikumwagwa chini kukaguliwa.

Fungu hilo la tatu ndilo silioni kwenye studio zetu. Sijamsikia mtu siku nyingi akisema: hili sijui bado, nipeni usiku mmoja niitazame mechi upya, kesho nitawaambia. Siku nitakapomsikia nitarudi Mbagala kumtafuta yule mzee wa baraghashia, nimwambie kwamba nimepata mtu wa kumsikiliza, na kwamba safari hii tumwombe mwenye kibanda aongeze sauti.